Habari za Mtufaha wa Southwell, na Jinsi Shamba la Zamani Linavyofufuliwa

  Nyinyi mlio darasani pamoja na mwalimu wenu, fungueni madaftari. Na wewe unayesoma peke yako nyumbani, soma polepole. Ukifika mwisho wa kila sehemu, simama kidogo, ujiulize umepata nini.

Mara nyingi tukitaja historia watu hufikiri habari za wafalme, za vita, na za serikali. Leo tutasoma historia ya mti mmoja. Mti huo uliota Uingereza, katika mji mdogo uitwao Southwell, katika jimbo la Nottinghamshire. Ni mtufaha. Tutaona nani aliupanda, nani alipata sifa, na kwa njia gani mti mmoja wa nyuma ya nyumba ukajaza mashamba ya nchi nzima. Kisha tutaona namna wakulima wa huko wanavyofufua mashamba ya mitufaha waliyoachiwa na babu zao. Mwisho tutauliza habari hizo zinatufaa nini sisi.

TUFAHA NI TUNDA GANI?

Tufaha ni lile tunda la mviringo, jekundu au la kijani au la manjano, ambalo mjini watu wengi huliita epo. Mengi ya matufaha yanayouzwa katika masoko yetu huletwa kutoka Afrika ya Kusini. Msilichanganye na tofaa la Unguja na la pwani, lile laini lenye nyama nyeupe na maji mengi. Tofaa ni tunda jingine kabisa, na mti wake hupenda joto.

Mtufaha hupenda baridi. Katika nchi za Ulaya hupukutisha majani yake yote baridi ikiingia. Hukaa miezi kadhaa umelala, hata mgeni akiuona hudhani umekufa. Baridi ikipungua, huamka na kuchanua maua. Ndiyo sababu kwetu mitufaha hupandwa sehemu za milimani, kama Lushoto na Njombe, wala huioni Dar es Salaam au Tanga mjini.

Asili ya tufaha ni milima ya Asia ya Kati, hasa milima ya Tian Shan katika nchi ya Kazakhstan. Mwaka 1929 mtaalamu wa mimea wa Kirusi, Nikolai Vavilov, alifika karibu na mji wa Almaty. Aliona misitu ya mitufaha ya mwitu, miti ya kila namna, mingine yenye matunda makubwa na mingine yenye matunda madogo kama gololi. Akasema kwamba hapo ndipo tufaha lilipotoka. Miaka mingi baadaye wataalamu walichunguza chembe za urithi za mitufaha, wakaona kwamba alisema kweli. Wasafiri na wafanya biashara walilibeba tunda hilo kuelekea magharibi, mpaka Uajemi, na Uyunani, na Rumi. Na Warumi walipoitawala Uingereza walipeleka huko matufaha yao mazuri.

MBEGU HAIZAI MAMA YAKE

Sasa sikilizeni jambo hili kwa makini, maana bila kulielewa hamtaielewa habari ya Southwell.

Ukipanda punje ya mahindi meupe, hutazamii kuvuna mtama. Lakini mtufaha una tabia yake. Chukua tufaha moja tamu sana, toa mbegu zake tano, uzipande. Utapata miti mitano isiyofanana. Mmoja utazaa matunda machachu, wa pili matunda madogo, wa tatu makavu yasiyo na ladha. Karibu hakuna hata mmoja utakaozaa tufaha lile ulilokula.

Sababu ni hii. Ua la mtufaha hupokea chavua, yaani unga wa maua, kutoka mti mwingine. Nyuki ndio wanaouleta. Kwa hiyo kila mbegu ina mama yake na baba yake. Ni kama watoto wa nyumba moja: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu mpole, huyu mkali, na wote wamezaliwa na wazazi wale wale.

Basi mtu aliyepata mti mzuri atafanya nini ili asiupoteze? Watu wa kale walilijua jibu. Miaka 300 hivi kabla ya kuzaliwa Kristo, mtaalamu wa Kiyunani aliyeitwa Theophrastus aliandika kwamba miti ya matunda inayooteshwa kwa mbegu huwa duni kuliko mama zake. Baada yake Mrumi mmoja aliyeitwa Cato aliandika kitabu cha ukulima, na ndani yake akaeleza namna ya kubebesha miti ya matunda, mitufaha ikiwamo.

Kubebesha ni nini? Wengine husema kuunganisha, na wengine husema kupandikiza. Unachukua kijiti kutoka mti ule mzuri. Kijiti hicho tutakiita kikonyo. Unachukua na mche mwingine wenye mizizi yenye nguvu. Huo tutauita shina la chini. Unavikata vyote viwili kwa kisu kikali, kisha unavibana pamoja. Chini ya gome la kila mti kuna ngozi nyembamba ya kijani. Ngozi ya kikonyo lazima iguse ngozi ya shina. Ukifunga vizuri, jeraha hupona, na vitu viwili huwa mti mmoja.

Mti huo una mizizi ya shina la chini, lakini matawi na matunda yake ni ya kikonyo. Kikonyo hakibadiliki tabia. Kwa hiyo mti uliobebeshwa hatuwezi kusema ni mtoto wa mti wa zamani. Ni mti ule ule wa zamani, umepewa mizizi mipya. Lishikeni neno hili, kwa sababu somo lote limesimama juu yake.

MSICHANA, MCHINJAJI, NA MTU WA KITALU

Mwaka 1809 msichana mmoja wa Southwell, jina lake Mary Ann Brailsford, alipanda mbegu za tufaha. Mche mmoja ulikua, ukawa mti katika bustani ya nyumba yao. Haikuwa kazi ya kitaalamu. Alipanda tu, kama mtoto yeyote wa kwetu anavyofukia kokwa ya embe karibu na jiko.

Bahati ilikuwa upande wake. Nimekwisha kuwaambia kwamba miti mingi ya mbegu huzaa matunda yasiyofaa. Mti wa Mary Ann ulizaa matunda makubwa ya kijani, makali kwa ukali wa ndimu, lakini yakipikwa kwa sukari huwa laini na yenye ladha nzuri sana. Tena yaliweza kuwekwa ghalani miezi mingi ya baridi bila kuoza.

Mwaka 1846 nyumba ile ilinunuliwa na mchinjaji aliyeitwa Matthew Bramley. Mti ukawa wake pamoja na nyumba. Miaka kumi ikapita. Mwaka 1856 kijana mmoja mwenye kitalu cha miti, jina lake Henry Merryweather, aliyaona matunda yale, akataka kujua yametoka wapi. Alipoambiwa, alikwenda kwa Bramley akaomba ruhusa ya kukata vikonyo, ili abebeshe miche ya kuuza. Bramley alikubali, lakini alitoa sharti moja: tufaha hilo liitwe kwa jina lake.

Basi likaitwa Bramley, na mpaka leo linaitwa Bramley. Mary Ann aliyelipanda alifariki bila kujua kwamba mti wake ungekuwa maarufu.

Kwa nini leo tunazijua habari hizi? Kwa sababu watu waliandika. Merryweather alikuwa na daftari la mauzo. Tarehe 31 Oktoba 1862 aliandika ndani yake kwamba amemwuzia Bwana Geo Cooper wa Upton Hall Bramley tatu kwa shilingi 2. Mstari mmoja tu wa daftari la duka! Hakudhani kwamba anaandika historia. Lakini mstari huo ndio ushahidi wa kwanza tulio nao wa kuuzwa kwa tufaha hilo. Mwaka 1876 lilionyeshwa mbele ya kamati ya matunda ya chama kikubwa cha wakulima wa bustani wa Uingereza, na kamati ililisifu sana. Baada ya hapo miche ya Bramley ilipandwa kwa wingi. Leo ndilo tufaha la kupikia linalojulikana kuliko mengine yote Uingereza. Huko Armagh, katika Ireland ya Kaskazini, limekuwa zao la fahari ya jimbo, hata mwaka 2012 Umoja wa Ulaya uliliwekea ulinzi jina la Bramley la Armagh.

Mamilioni ya matunda, maelfu ya miti, nchi mbalimbali. Yote yametoka kwa mti mmoja wa Southwell, kwa njia ya kisu na kikonyo.

MTI MKONGWE WAANGUKA

Na ule mti wenyewe ulipatwa na nini? Mwaka 1900 dhoruba kali iliuangusha. Watu walidhani umekwisha. Lakini shina lililolala chini lilitoa mizizi mahali lilipogusa udongo, na mti ukainuka tena. Uliendelea kuzaa miaka zaidi ya mia moja baada ya kuanguka.

Baadaye ulipata ugonjwa. Kuna namna ya uyoga unaoishi ardhini na kuozesha mizizi ya miti. Ugonjwa huo haukuwa na dawa ya kuuondoa. Mapema katika miaka ya 1990 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nottingham walichukua vipande vidogo sana vya machipukizi ya mti ule, wakavilea katika vyombo vya kioo maabarani mpaka vikawa miche kamili yenye mizizi yake yenyewe. Mwaka 2016 ilitangazwa magazetini kwamba mti mkongwe unakaribia kufa. Watu walisikitika, lakini hawakuingiwa na hofu. Kwa nini? Kwa sababu vikonyo vilikwisha kukatwa tangu mwaka 1856.

Sasa fikirini mambo yangekuwaje kama yule kijana wa kitalu asingepita, au kama mchinjaji angekataa. Mti ungezeeka, ungeanguka, ungekuwa kuni. Wala mtu asingejua kwamba kitu kimepotea.

Na hivyo ndivyo ilivyotokea kwa miti mingine mingi. Zamani karibu kila shamba la Uingereza lilikuwa na mitufaha yake, na kila kijiji kilikuwa na aina zake, na majina yake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili mambo yalibadilika. Matufaha ya bei rahisi yaliletwa kwa meli kutoka nchi nyingine. Wenye maduka makubwa walitaka aina chache tu, zenye rangi moja na ukubwa mmoja. Miji ilipanuka, nyumba zikajengwa juu ya mashamba. Uingereza ilipoingia katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya mwaka 1973, palikuwa na wakati ambapo mkulima alilipwa fedha ili aing'oe mitufaha yake. Wazee waliojua majina ya miti walifariki, na wengi wao hawakuandika kitu.

KUFUFUA SHAMBA LA BABU

Lakini wengine hawakukubali. Sasa, ndugu msomaji, tuseme wewe ni mkulima wa huko Nottinghamshire. Babu yako amekuachia shamba la mitufaha ishirini. Baadhi imekufa, mingine imejaa matawi makavu na miiba imeizunguka. Utafanya nini? Tufuate kazi hii hatua kwa hatua, kama wanavyoifanya wenyewe.

Hatua ya kwanza, acha shoka nyumbani. Chukua karatasi na penseli. Pita shamba zima, chora ramani, na kila mti uupe namba yake. Andika upi u hai, upi umekufa, upi unazaa. Waulize wazee wa kijiji majina, uyaandike mara moja kabla hujayasahau. Matunda yakiiva, yachukue kwa wajuzi wakusaidie kuyatambua. Huko Brogdale, katika jimbo la Kent, kuna shamba la taifa lenye aina zaidi ya 2,000 za matufaha, zote zimeandikwa majina. Tena tangu mwaka 1990 watu wa Uingereza husherehekea Siku ya Tufaha tarehe 21 Oktoba, na katika sherehe hizo wengi huleta matunda ya miti yao isiyojulikana jina. Siku hizi hata jani laweza kupelekwa maabara likatambuliwa.

Hatua ya pili, kata vikonyo. Kazi hii hufanywa katika mwezi wa Januari au Februari, mti ukiwa bado umelala. Chagua vijiti vilivyoota mwaka uliopita, vyenye afya, unene wake kama penseli. Kata kutoka kila mti, hata ule unaokaribia kufa, maadamu una tawi moja hai. Funga kila fungu peke yake na uandike jina au namba. Kisha uyaweke mahali pa baridi penye unyevu, ili yasikauke wala yasichipue.

Hatua ya tatu, tafuta mashina ya chini. Hapa pana elimu kubwa. Mwaka 1913 kilianzishwa kituo cha utafiti huko East Malling, katika jimbo la Kent. Zamani wenye vitalu waliuza mashina yaliyochanganyika, na mkulima hakujua kama mti wake utakuwa mrefu au mfupi. Mtaalamu aliyeitwa Ronald Hatton na wenzake waliyatenga, wakayapanga kwa namba. Shina la namba 9 hufanya mti mfupi, mtu huchuma matunda akiwa amesimama chini, nao huanza kuzaa mapema, baada ya miaka miwili au mitatu. Lakini lina mizizi dhaifu, linataka nguzo ya kuliegemeza maisha yake yote, na halidumu sana. Shina la namba 25 hufanya mti mkubwa wa kudumu miaka mingi, lakini ni lazima ungoje. Anayefufua shamba la babu ambamo kondoo hula majani chini ya miti huchagua shina kubwa. Anajua kwamba watakaokula sana matunda yake ni wajukuu.

Hatua ya nne, bebesha. Hufanywa mwezi wa Machi au Aprili, maji ya mti yanapoanza kupanda. Kata kwa mshazari, bana ngozi kwa ngozi, funga kwa utepe, ziba kwa nta ili maji yasiingie. Halafu andika tena jina. Angalieni ni mara ngapi nimesema andika.

Hatua ya tano, panda. Usipande mtufaha mpya katika shimo lile lile alimokufa mtufaha wa zamani, kwa sababu udongo ule umechoka na una vijidudu vinavyoshambulia mizizi michanga. Sogea kando. Zungushia mti boma, maana sungura na kondoo hupenda kutafuna gome. Tena usipande Bramley peke yake. Chavua yake haina nguvu ya kuzalisha miti mingine, wala haiwezi kujitosheleza yenyewe. Kwa hiyo wakulima huipanda pamoja na mitufaha ya aina nyingine mbili, ili hizo mbili zizalishane, na Bramley nayo ipate chavua yake.

Hatua ya sita ni kuitunza miti mikongwe iliyobaki. Usiikate matawi yote kwa mwaka mmoja. Ondoa makavu kwanza, halafu punguza kidogo kidogo, pasizidi robo ya matawi kwa mwaka. Mzee hapewi dawa yote kwa siku moja. Na mti mkongwe wenye shina zima lakini matunda mabaya waweza kubebeshwa juu ya matawi yake, ukabadilika aina, mizizi ikabaki ile ile.

Kazi hii yachukua miaka. Mwaka wa kwanza huoni kitu ila vijiti vilivyofungwa utepe. Vingine hufa. Lakini vikonyo vingi huchipua, na siku ya kuvuna tunda la kwanza familia hula tufaha lile lile alilokula babu, ladha ile ile, kutoka mti ambao shina lake la kwanza lilikwisha kuoza zamani.

HATARI YA MTI MMOJA

Lazima niwaambie na upande wa pili. Kama miti yote ni mti ule ule, basi na udhaifu wao ni mmoja. Ugonjwa ukiuweza mti mmoja, utaiweza yote. Wakulima wanaopanda aina moja tu hulazimika kupiga dawa mara nyingi. Ndiyo maana shamba la babu lenye aina ishirini za matufaha ni mali kubwa kuliko linavyoonekana: aina hii hushindwa na ukungu, ile hustahimili. Ndiyo maana pia wataalamu wanaisikitikia misitu ya Kazakhstan, ambayo sehemu yake kubwa imekatwa ili kupata nafasi ya majengo na mashamba. Huko ndiko iliko akiba ya mbegu zenye nguvu mbalimbali.

Kwa hiyo mbegu na kikonyo kila kimoja kina kazi yake. Mbegu huleta kitu kipya, kama ilivyomletea Mary Ann. Kikonyo hulinda kitu chema kilichokwisha kupatikana.

HABARI HIZI ZATUFAA NINI?

Pengine mmoja wenu atasema: mimi sina mtufaha, naishi Muheza, au Masasi, au Rufiji. Kweli. Lakini tazama nje ya nyumba yako. Huenda uko mwembe ambao watu wote wa mtaa hujua kwamba maembe yake ni matamu kuliko mengine. Nani aliupanda? Umekatwa vikonyo? Ukianguka kwa upepo, au mwenye kiwanja kipya akiung'oa, tutaupata wapi?

Kubebesha si kugeni kwetu. Michungwa, miembe na miparachichi ya vitalu hubebeshwa. Kusini, mikorosho mikongwe isiyozaa vizuri hukatwa, ikaachwa itoe machipukizi, kisha yakabebeshwa vikonyo vya mikorosho bora. Ni kazi ile ile ya shamba la babu.

Chukueni mfano wa parachichi la Hass, ambalo wakulima wa Njombe na wa Kilimanjaro hulilima na kuliuza nchi za nje. Parachichi hilo nalo lilitokana na mbegu moja. Ilipandwa katika miaka ya 1920 huko California, Marekani, na tarishi mmoja aliyeitwa Rudolph Hass. Mti wa kwanza ulikufa mwaka 2002 kwa ugonjwa wa mizizi. Lakini kila mti wa Hass ulioko Njombe leo ni mti ule ule, umepewa mizizi ya hapa. Mkulima anayeuchuma anachuma tawi la mti uliokwisha kufa ng'ambo ya bahari.

Mambo mawili huuokoa mti: kikonyo kilichokatwa kwa wakati, na jina lililoandikwa. La kwanza Bwana Shamba wa wilaya yako atakufundisha kwa mkono. La pili sasa waliweza wewe mwenyewe. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, andika jina la aliyeupanda mwembe wa nyumbani kwenu, na mwaka ukiujua. Waulize wazee leo. Usingoje kesho. Mary Ann Brailsford alikaribia kusahauliwa, na jina la mchinjaji likabaki juu ya tunda. Lakini watu waliandika kwamba yeye ndiye aliyepanda mbegu, na kwa sababu hiyo wewe, katika nchi asiyoijua, umelisoma jina lake leo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini ukipanda mbegu ya tufaha tamu huwezi kutazamia kupata tufaha lile lile?

2. Shina la chini hufanya kazi gani katika mti uliobebeshwa? Na kikonyo je?

3. Bramley alitoa sharti gani mwaka 1856? Je, ilikuwa haki tunda kuitwa kwa jina lake? Toeni sababu zenu.

4. Daftari la mauzo la Merryweather limetusaidiaje kuijua historia?

5. Kazi ya nyumbani: tafuta mti mmoja wa matunda mtaani kwenu ulio mkongwe kuliko wewe. Andika mistari mitano juu yake: ni mti gani, nani aliupanda, lini, matunda yake yakoje, na nani anautunza sasa. Umsomee mwalimu wako katika kipindi kijacho.

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Mfanye kazi njema.